Mbiu ya Aliyejeruhiwa

Gilgil, nchini Kenya, ni mji wa kambi. Mtoto anayekulia hapa huzijua sare za jeshi kabla hajajua kusoma, na akiwasikia vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) alfajiri wakikimbia kwa mistari huku wakiimba, hageuzi hata shingo. Kwa hiyo mwalimu wa bayolojia hapa kwetu hapati taabu anapofika kwenye mada ya kinga ya mwili. Anawaambia wanafunzi kwamba chembe nyeupe za damu ni askari na virusi ni maadui, na darasa zima linaelewa papo hapo. Nami hufundisha hivyo. Hakuna uongo ndani yake, ila hadithi inaanzia katikati. Askari hatoki kambini mpaka habari imfikie. Mwaka mmoja msichana wa kidato cha pili, wa safu ya nyuma kabisa, aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, anayewaita ni nani?"

Nilimjibu kama kitabu kinavyojibu, lakini swali lake halikuniacha. Kadiri ninavyolifikiria ndivyo ninavyoona kwamba linagusa mambo ya nyumba yetu, ya barabara kuu inayopita mjini kwetu, na ya bonde hili zima tunamoishi.

Anayewaita ni yule ambaye tayari ameingiliwa.

Kirusi hakijitegemei. Ni maagizo machache ya kurithisha yaliyofungwa ndani ya ganda la protini. Hakili, hakipumui, wala hakizai mpaka kipenye ndani ya seli ya kiumbe mwingine na kuiteka mitambo yake. Seli inayoingiliwa mara nyingi si ya jeshi hata kidogo. Ni seli ya koo, ya pafu au ya ini, iliyokuwa ikishughulika na kazi yake ya kila siku. Lakini ndani yake mna vihisio vinavyotambua kwamba humu mmeingia maagizo ya kigeni, kwa kuwa RNA ya kirusi huwa na maumbo ambayo RNA ya mwenye mwili haina. Kihisio kikinasa kitu, ujumbe hupelekwa hadi kwenye kiini, jeni fulani huwashwa, na katika muda wa saa chache seli hiyo huanza kutengeneza protini ndogo na kuimwaga nje iwafikie majirani. Protini hiyo ni interferoni. Iligunduliwa mwaka 1957 katika maabara ya Mill Hill, London, na Alick Isaacs wa Uingereza pamoja na Jean Lindenmann wa Uswisi. Walikuwa wakichunguza kwa nini utando wa yai la kuku uliokwisha kuguswa na virusi vya mafua vilivyouawa hukataa kuambukizwa na vile vilivyo hai. Waliona kwamba utando ule ulikuwa umetoa kitu ndani ya maji, na kwamba kitu hicho, kikihamishiwa kwenye utando mwingine, kiliukinga nao.

Mimi nikisoma habari za interferoni husikia mbiu, ile pembe iliyokuwa ikipulizwa kijijini kukiwa na jambo. Lakini mtazame anayeipuliza hii. Hayuko juu ya mnara akiangalia mbali, mwenyewe akiwa salama. Ni mwenye nyumba iliyokwisha kuvamiwa. Mara nyingi yeye haponi. Atakufa kwa kirusi, au atauawa na askari wa mwili wake mwenyewe wakija kuizima hatari. Mbiu yake ni ya kuwafaa walio kando.

Tena interferoni haiui kirusi hata kimoja. Jambo hili kwangu ni kubwa kuliko la kwanza. Haiwaambii majirani watoke nje na mapanga. Inawaambia wajiangalie wenyewe. Seli ikiipokea, mamia ya jeni huamka: huandaa vimeng'enya vya kukatakata RNA ya kigeni, hupunguza kasi ya kutengeneza protini ili mvamizi akiingia akose pa kufanyia kazi, na huongeza juhudi ya kuonyesha hadharani kilicho ndani. Sehemu kubwa ya yale tunayoyaita ugonjwa, yaani homa, viungo kuuma, kuchukia chakula na kutaka kulala tu, huletwa na mbiu hiyo na wenzake, wala si na kirusi chenyewe.

Hiyo habari ya kuonyesha kilicho ndani inahitaji maneno yake. Karibu kila seli ya mwili yenye kiini, usiku na mchana, huchukua vipande vidogo vya protini zinazotengenezwa ndani yake na kuviweka juu ya ngozi yake, vionekane. Wala haifanyi hivyo kwa kushukiwa. Ndiyo desturi yake hata ikiwa na afya. Seli T za aina ya CD8, ambazo ni chembe nyeupe za damu, hupita zikikagua. Zikikuta kipande cha kigeni, huitoboa seli ile na kuingiza ndani yake vimeng'enya vinavyoifanya ife kwa utaratibu, pamoja na virusi vilivyomo. Rolf Zinkernagel na Peter Doherty ndio waliofumbua jambo hili mjini Canberra, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1996 walipewa Tuzo ya Nobel. Baadaye ikaonekana kwamba virusi kadhaa vimejifunza kuizuia seli isionyeshe kitu. Mwili nao ukawa na jibu: kuna chembe nyeupe nyingine, zinazoitwa wauaji wa asili, ambazo huzitafuta hasa seli zilizokoma kuonyesha. Anayeonyesha mambo ya kawaida huachwa. Anayeonyesha hatari hushughulikiwa. Asiyeonyesha chochote huyo ndiye hushukiwa kuliko wote.

Sasa turudi kwetu. Toka Gilgil kwa matatu ya kwenda Naivasha, muda wa nusu saa hivi, utafika mahali ambapo ugonjwa mmoja ulijulikana kwa mara ya kwanza duniani. Mwaka 1930, katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, wanakondoo walianza kufa kwa wingi siku chache tu baada ya kuzaliwa, na kondoo majike wakawa wanatupa mimba. Wataalamu wa maabara ya mifugo ya Kabete waliitwa. R. Daubney, J. R. Hudson na P. C. Garnham waliichuja damu ya wanyama wagonjwa kwa vichujio vyenye matundu madogo kiasi kwamba bakteria hawapiti, na bado kilichochujika kiliua wanakondoo. Basi kilikuwa kirusi. Waliipasua mizoga wakaona maini yameharibika, na watu walioshika wanyama wale nao wakapata homa. Mwaka 1931 walichapisha taarifa yao, na ugonjwa ukabeba jina la bonde letu: Homa ya Bonde la Ufa. Tangu hapo jina hilo limezunguka Misri, Afrika Kusini, Mauritania, na mwaka 2000 likavuka hadi Saudia na Yemen. Wengi waliolitamka huko hawajawahi kuuona Mlima Longonot.

Shirika la Afya Duniani linasema kondoo wenye mimba wakiambukizwa karibu wote huitupa, na kati ya wanakondoo wanaoambukizwa asilimia 90 hufa. Binadamu wengi hupata homa ya siku chache kisha wakapona. Wachache, chini ya mmoja katika mia, hupata ile hali ya kuvuja damu, na kati ya hao nusu hivi hufa. Wengine huathirika macho au ubongo. Ni tofauti kubwa mno kwa kirusi kimoja, na kwa miaka mingi wanasayansi walijiuliza kinachofanya watu wawili waliochinja mbuzi mmoja waachane njia, mmoja kurudi shambani baada ya wiki na mwingine kuzikwa.

Kidokezo cha jibu kimo katika protini moja ndogo ya kirusi hicho, iitwayo NSs. Kirusi cha Bonde la Ufa hujizalisha nje ya kiini cha seli, lakini protini hii huingia hadi ndani ya kiini na kujipanga humo kama nyuzi. Kazi yake huko si kujenga kirusi. Huvuruga mitambo ya kusoma jeni, na jeni ya interferoni haisomwi. Kwa maneno mengine, kinapoingia tu, kinakimbilia kumziba mdomo mwenye nyumba. Mwaka 1974, Jamhuri ya Afrika ya Kati, kirusi kilichukuliwa kutoka kwa mgonjwa ambaye hakuzidiwa, na humo ndimo ilimopatikana aina iliyokuja kuitwa Clone 13, ambayo imepoteza sehemu kubwa ya jeni ya NSs. Clone 13 ikiingizwa kwa panya wa kawaida, panya hao hawaoni shida. Ikiingizwa kwa panya waliofanywa wasiweze kuisikia interferoni, inawaua. Kirusi ni kile kile kimoja. Tofauti yote imo katika mbiu kulia na kusikika. Huko Afrika Kusini Clone 13 imefanywa chanjo ya mifugo, na hiyo ni ajabu ya kutosha: adui aliyeshindwa kumnyamazisha mwenye nyumba amegeuka kuwa mwalimu.

Nilipoisoma habari hiyo ya NSs kwa mara ya kwanza nilifunga kitabu nikamfikiria mjomba wangu.

Mjomba aliendesha malori ya masafa marefu kati ya Mombasa na Malaba. Gilgil ilikuwa njiani, na pale mizani malori yalijipanga foleni ndefu, hivyo tulimwona mara kwa mara, akishuka na mananasi ya Thika au mihogo ya kukaanga kutoka Pwani. Miaka ya 1990 alianza kukonda. Kwetu ikasemwa ni kifua. Kisha ikasemwa ni malaria iliyorudi. Watu wa nje walisema kwa sauti ya chini kwamba amekanyaga waya, lakini ndani ya nyumba neno Ukimwi halikutamkwa hata na yeye, hata na mama yangu, ambaye sasa najua alikuwa anajua. Alipokufa tangazo lilisema ameaga baada ya kuugua kwa muda mrefu. Nchi nzima ilikuwa ikizika hivyo. Kisa cha kwanza nchini kilikuwa kimetambuliwa mwaka 1984, na ni Novemba 1999 ndipo Rais Moi alipoutangaza Ukimwi kuwa janga la taifa. Hesabu miaka iliyo katikati.

Mkewe alifuata. Hakuwa ameambiwa.

Nimewahi kumsikia mtu wa ukoo akisema kwamba hata tungesema, isingesaidia kitu, kwa kuwa siku zile dawa za kupunguza makali hazikuwafikia watu wa hali yetu. Matibabu ya bure katika hospitali za serikali yalikuja baadaye, mwaka 2006. Kwa mjomba ni kweli, asingepona. Lakini ndiyo sababu nikasema mbiu si ya kumfaa anayeipuliza. Mke wake angejikinga, au angejua mapema akajipanga, akatibiwa kifua kikuu kabla hakijamla mapafu. Wanawe wasingelala usiku mmoja na wazazi wote wawili na kuamka miezi michache baadaye bila yeyote. Tuliwalea sisi, na wamekuwa watu wazuri. Mkubwa wao aliniuliza akiwa mtu mzima, bila ukali wowote, "Nyinyi mlijua tangu lini?" Sikuwa na la kumwambia.

Kirusi cha Ukimwi kinajua pa kupiga. Hakiendi kwa askari wa kawaida. Kinakwenda kwa seli T za CD4, ambazo ndizo hupokea taarifa na kuwapa wengine idhini ya kutenda. Seli B zinazotengeneza kingamwili huzisubiri hizo. Zile za CD8 zinazoua seli zilizoingiliwa nazo huzitegemea. Hesabu ya CD4 ikishuka chini ya 200 katika tone dogo la damu la maikrolita moja, magonjwa ambayo mwili ulikuwa ukiyafukuza bila hata kukujulisha huanza kuingia moja baada ya jingine. Ilifika wakati hapa Gilgil mama mboga ambaye hakumaliza darasa la saba aliweza kumwuliza mwenzake foleni ya kliniki, "CD4 yako iko ngapi?" na wakalinganisha kadi zao mchana kweupe. Nilipoyasikia maneno hayo mara ya kwanza nilijua kwamba kitu kimegeuka mjini kwetu, na kwamba hakikugeuzwa na dawa peke yake.

Waliotangulia kukigeuza walidharauliwa. Katika mtaa wa Majengo, Pumwani, jijini Nairobi, tangu katikati ya miaka ya 1980 wanawake waliokuwa wakiuza miili yao walikubali kukusanyika katika mabaraza yaliyoitishwa na muuguzi Elizabeth Ngugi, wakasema waziwazi maisha yao yalivyo, wakatoa damu yao ichunguzwe na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, akiwemo Frank Plummer. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba wapo wachache kati yao ambao, pamoja na kukutana na kirusi mara nyingi, hawakuambukizwa, na katika damu yao zikapatikana seli T za CD8 zinazokitambua. Mwaka 2001 watafiti walieleza jambo la kusikitisha zaidi: baadhi ya wanawake hao waliopumzika kazi hiyo kwa muda, kisha wakairudia, waliambukizwa. Inaelekea kumbukumbu ya seli zao ilikuwa ikififia kwa kukosa kukumbushwa. Dunia imejifunza mengi kuhusu kinga kutoka kwa wanawake ambao majirani hawakuwasalimu. Ningependa jina la Majengo litajwe katika kila darasa linapofundishwa somo hili.

Tusidhani kwamba ni adui tu anayeziba mdomo. Wakati wa Korona, mwaka 2020, kundi la kimataifa la watafiti likiongozwa na Jean-Laurent Casanova lilipima damu ya wagonjwa 987 waliokuwa mahututi. Katika 101 kati yao walikuta kingamwili zilizotengenezwa na mwili wenyewe ambazo hukamata interferoni na kuizima. Kati ya watu 663 walioambukizwa na kuugua kidogo tu au kutoona dalili yoyote, hawakumpata hata mmoja mwenye nazo. Wagonjwa wale 101 walikuwa na askari wa kutosha. Mbiu nayo ilipulizwa. Ila ilikamatwa njiani na watu wa nyumbani, ambao hawakuwa na nia mbaya. Mama yangu hakuwa na nia mbaya. Alitaka kaka yake azikwe kwa heshima.

Mfugaji naye hunyamazishwa, na sababu zake hazipaswi kudharauliwa. Kirusi cha Bonde la Ufa huweza kujificha ndani ya mayai ya mbu aina ya Aedes, yaliyotagwa kwenye mabonde madogo yanayojaa maji wakati wa mvua nyingi. Mayai hayo hukaa ndani ya udongo mkavu miaka na miaka, na mafuriko yakija huanguliwa. Mwishoni mwa 2006 Bahari ya Hindi ilikuwa imepata joto lisilo la kawaida, na watafiti waliokuwa wakizifuatilia picha za setilaiti walionya mapema kwamba Afrika Mashariki ijiandae. Wafugaji wa Garissa na Ijara hawakuhitaji setilaiti. Waliona mvua, wakaona mbu kwa makundi ambayo hawakuyaona tangu El Nino ya 1997, wakaona kondoo na mbuzi wakitupa mimba, nao wakajua. Walijua wiki kadhaa kabla ya serikali kuthibitisha mwezi Desemba. Hadi katikati ya Machi 2007 watu 684 walikuwa wameripotiwa kuugua nchini Kenya, na 155 walikuwa wamekufa, wengine huko Baringo, si mbali na kwetu. Masoko ya mifugo yalifungwa. Watu waliogopa nyama kila mahali. Hata Kikopey, ambako moshi wa nyama choma haukatiki, wachinjaji walikaa wamekunja mikono.

Weka jambo hilo mbele ya mtu ambaye kondoo ndio karo ya watoto wake, kisha umwambie apige simu kila mimba inapotupwa. Akisema, karantini inakuja, bei inaanguka, majirani wanamnunia. Akinyamaza, anaweza kuuza upesi kabla habari hazijaenea. Ndani ya mwili, seli inayopiga mbiu hailipishwi faini na jirani zake kwa kusema. Sisi tumeweka mambo yetu kinyume, aliye wa kwanza kusema ndiye wa kwanza kuumia, kisha tunashangaa taarifa zikichelewa. Mimi naamini mfugaji anayeripoti anastahili kufidiwa, na mapema, hata kama uchunguzi utaonyesha kwamba haukuwa ugonjwa wenyewe. Kuna kazi inaendelea ya kupata chanjo ya binadamu. Mmoja wa wanaoishughulikia ni George Warimwe, mwanasayansi Mkenya wa Kilifi, na naiombea ifanikiwe. Lakini hata chanjo iliyo bora lazima kwanza iambiwe iende wapi.

Ninapoyasema haya mbele ya watu wazima wa Gilgil, wapo wanaonyamaza kwa sababu ambayo naijua. Mji wetu uko kati ya Naivasha na Nakuru. Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, tulikuwa katikati ya moto, na moto ule ulichochewa kwa ujumbe wa simu: fulani wanakuja, jitayarisheni, msingoje. Watu walioamka wakiwa majirani hawakulala wakiwa majirani. Je, hiyo haikuwa mbiu?

Nimeisumbukia sana hoja hiyo, na mwili umenisaidia kuijibu. Interferoni hutolewa na seli iliyoingiliwa, nayo hutoa habari ya kilichoipata seli hiyo, ndani ya kuta zake. Haisimulii ya mtaa wa pili ambayo haikuyaona. Na huyo anayeipokea haambiwi amshike nani. Anaambiwa afunge mlango wake mwenyewe na aonyeshe kilichomo ndani mwake. Ruhusa ya kuua hutolewa baadaye, kwa ukaguzi, na hutolewa kwa seli zilizopitia mtihani mgumu kuliko wowote ninaoujua. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi iitwayo thaimasi ambako seli T hulelewa. Kila moja hujaribiwa kama inaweza kutambua, na kama itaushambulia mwili wenyewe. Zinazofeli ni zaidi ya asilimia 95, na hizo hufia humo humo. Zile zinazofaulu, zikishamaliza vita, nyingi hufa ndani ya wiki chache, zikabaki kidogo za kumbukumbu. Mbiu yenyewe na wenzake hunyamaza, kwa kuwa wasiponyamaza huharibu mapafu na figo kuliko kirusi kilivyoweza; madaktari waliohudumia wagonjwa wa Korona waliona hilo kwa macho. Ujumbe wa 2008 haukutoka kwa aliyejeruhiwa, haukumtaka mtu ajiangalie, na ulikataa kukoma. Kwa hiyo siuiti mbiu. Nauita kwa jina la kirusi, kwa kuwa uliingia ndani ya watu wema na kuitumia mikono yao.

Baba yangu anafuga kondoo upande wa Elementaita. Baada ya masika moja ya mvua nyingi, majike yake kadhaa yalitupa mimba karibu kwa wakati mmoja. Jirani zake walimshauri awapeleke sokoni wale waliobaki na asiseme neno. Kijana wa ng'ambo ya ua alikuwa amemsaidia kuvuta vitoto vilivyokufa, kwa mikono mitupu. Baba alianza kwake. Alimwendea, akamweleza wasiwasi wake mbele ya mama yake, akamwomba akapimwe, kisha ndipo akampigia daktari wa mifugo. Sampuli zilipelekwa maabara ya uchunguzi wa mifugo Nakuru. Kwa wiki zile wanunuzi waliukwepa mtaa mzima, na wapo watu ambao hawakumjibu baba salamu. Majibu yalipotoka, haikuwa Homa ya Bonde la Ufa. Ulikuwa ugonjwa mwingine unaotibika, na kijana hakuwa na neno. Waliomnunia walisema basi amewatia hasara bure.

Miezi kadhaa baadaye yule aliyekasirika kuliko wote alimpigia baba simu usiku. Mbuzi wake wawili walikuwa wametupa mimba, afanyeje? Baba alimpa namba ya daktari, akamwambia afukie vile vitoto chini kabisa, asivishike bila mifuko mikononi, mtoto yeyote wa nyumba asinywe maziwa kabla hayajachemka, na wa ng'ambo ya ua waambiwe kabla hakujakucha.